Chombo kilichotua Mwezini kilienda wapi? Swali hili linatuhusu hata huku Makueni

Hebu simama siku moja katikati ya jiji la Nairobi, uinue shingo ulitazame jumba la KICC kutoka chini hadi juu. Ni mita 105. Sasa fikiria roketi ndefu kuliko jumba hilo, imejazwa mafuta, halafu kule nchani wamekaa watu watatu. Hiyo ndiyo Saturn V, roketi ya mita 110 iliyowapeleka Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins Mwezini mnamo Julai 1969. Siku nane baadaye, kilichorudi nyumbani kilikuwa koni moja ambayo upana wake haufiki mita 4. Ile matatu ya abiria 14 unayopanda kila asubuhi ni ndefu kuliko koni hiyo.

Hayo mengine yote yalienda wapi?

Habari ya nyayo na bendera tunaijua. Picha zake tumeziona tangu shule ya msingi hadi tukazikinai. Lakini kila sherehe ina mwisho wake, na wageni wakishaondoka kuna swali ambalo mama yeyote huuliza: haya, vyombo vitaoshwa na nani? Kwa safari za Mwezini swali hilo halikuulizwa mapema inavyofaa. Na usidhani ni swali la Wamarekani peke yao. Tutafika Makueni kabla hatujamaliza.

Tuhesabu kwanza. Kipande cha kwanza cha roketi ile kilifanya kazi kwa takriban dakika 2 na nusu, kikaishiwa mafuta, kikaachiliwa na kuanguka katika Bahari ya Atlantiki. Cha pili kikafuata kuko huko baharini. Cha tatu, kiitwacho S-IVB, ndicho kilichowasukuma wanaanga kutoka kwenye mzingo wa Dunia kuelekea Mwezini, nacho kikaachwa njiani. Kile cha Apollo 11 kiliupita Mwezi kikaenda zake kulizunguka Jua. Hata yale mabamba manne yaliyofunika chombo cha kutulia yalitawanyika angani. Wanaanga wenyewe waliona kitu kiking'aa kwa mbali wakiwa safarini, na pengine lilikuwa bamba mojawapo kati ya hayo, ingawa mtandaoni utaambiwa eti walifuatwa na viumbe wa sayari nyingine.

Chombo cha kutulia, Eagle, kilikuwa na sehemu mbili. Ya chini ilikuwa na miguu na injini ya kushukia. Ya juu ilikuwa na kichumba cha watu wawili na injini yake ya kupandia. Wakati wa kuondoka, ya chini ilibaki pale pale kama jukwaa, na ipo mpaka leo katika uwanda uitwao Bahari ya Utulivu. Ya juu ilipaa, ikakutana na Collins aliyekuwa akizunguka ndani ya Columbia, Armstrong na Aldrin wakahamia huko pamoja na kilo 21 na ushei za mawe na udongo, kisha Eagle ikafunguliwa na kuachwa ielee. Columbia ndiyo ile koni, na sasa imehifadhiwa makavazini jijini Washington.

Na Eagle je? Hiki ndicho chombo cha kwanza kuwahi kubeba binadamu hadi kwenye ardhi isiyo ya Dunia. Ungetarajia kijulikane kilipo hadi mita ya mwisho. Lakini waapi! Shirika la Anga la Marekani (NASA) liliacha kukifuatilia muda mfupi baada ya kukiachilia. Ikachukuliwa tu kwamba kingeanguka Mwezini chenyewe baada ya miezi michache, mahali pasipojulikana, na faili likafungwa.

Dhana hiyo haikuwa ya kipumbavu. Uzito wa Mwezi haujasambaa sawasawa. Chini ya yale madoa meusi tunayoyaona tukiwa huku kuna miamba mizito iliyoshikamana, na kila chombo kinapopita juu yake huvutwa zaidi kidogo. Ni kama kuendesha boda usiku kwenye barabara yenye matuta yasiyopakwa rangi. Mnamo 1972, Apollo 16 iliachia setilaiti ndogo izunguke Mwezi, ikadumu siku 35 tu kabla ya kujibamiza chini. Basi mtu akisema Eagle nayo ilianguka zamani, ana sababu.

Ila mwaka wa 2021 mtafiti mmoja kwa jina James Meador alichukua vipimo vya mvuto wa Mwezi vilivyokusanywa na setilaiti pacha za GRAIL, akavitia kwenye programu ya kompyuta ili aone Eagle ilianguka wapi. Katika hesabu zake, haikuanguka. Mzingo ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka, lakini miaka 50 ikapita bila chombo kugusa ardhi. Yeye mwenyewe alikiri kwamba mafuta yaliyosalia na betri vingeweza kuwa vililipuka na kukivunja. Hata hivyo, alichoonyesha ni kwamba chombo kile huenda bado kinazunguka huko juu, kimezimika na hakina mtu, na hakuna anayekitazama.

Linganisha sasa na kilichotokea miezi minne tu baada ya Eagle. Apollo 12 ilitua Novemba 1969, na Pete Conrad na Alan Bean wakasimika kipima mitetemo kwenye udongo wa Mwezi. Walipomaliza kazi na kurudi salama katika chombo kikuu, sehemu ya juu ya chombo chao cha kutulia, Intrepid, haikuachwa ielee ovyo. Iliamriwa kutoka Duniani iwashe injini zake na kujibamiza Mwezini kwa kasi ya takriban kilomita 6,000 kwa saa, kilomita 70 na zaidi kutoka kile kipima mitetemo.

Wanasayansi walitarajia mtikisiko wa dakika chache. Mwezi ulitetemeka kwa karibu saa nzima.

Kwa nini? Dunia yetu ina maji na miamba laini inayofyonza mitetemo, kama godoro linavyomeza ngumi. Mwezi ni mkavu kabisa, na gamba lake limepasukapasuka kwa kupigwa na vimondo kwa mabilioni ya miaka. Wimbi la mtetemo likiingia humo, hugonga ufa huu, likarudi, likagonga ule, na halina pa kutulia. Hayo yote yalijulikana kwa sababu kulikuwa na kitu cha uzito unaojulikana, kilichoanguka kwa kasi inayojulikana, mahali na dakika inayojulikana. Mtetemeko wa asili haukupi habari hizo. Taka imegeuka nyundo, na nyundo hiyo haikuongeza gharama ya maana, kwani tayari ilikuwa kule juu.

Kuanzia Apollo 13 hata vile vipande vya tatu vya roketi, S-IVB, vikaanza kuelekezwa Mwezini makusudi badala ya kuachwa vilizunguke Jua. Cha Apollo 13 kilipogonga, kipima mitetemo kilichoachwa na Apollo 12 kiliendelea kuandika kwa zaidi ya saa tatu. Mashimo ya vishindo hivyo yamepigwa picha na setilaiti ya LRO, iliyofika Mwezini mwaka wa 2009. Hilo la Apollo 13 lina upana wa takriban mita 30.

Lakini soma pia upande wa pili wa daftari. S-IVB ya Apollo 16 ilipoteza mawasiliano kabla ya kugonga, kwa hivyo hakuna aliyejua kwa uhakika ilipoangukia. Ilichukua zaidi ya miaka 40 ya kuchambua picha ili shimo lake litambuliwe. Na Orion, sehemu ya juu ya chombo cha kutulia cha safari hiyo hiyo, ilishindwa kudhibitiwa mara tu ilipoachiliwa. Ilikusudiwa kugongeshwa kwa ajili ya vipimo, ikaishia kuzurura karibu mwaka mmoja na kuanguka mahali ambapo hakuna anayepajua. (Vipima mitetemo vyenyewe vilizimwa Septemba 1977 ili kubana matumizi. Unafunga safari ya mabilioni, kisha unazima taa kuokoa senti. Serikali ni serikali popote.)

Hapo ndipo hoja yetu ilipo, msomaji. Eagle na Intrepid vilikuwa vyombo vya aina moja, vilivyoundwa na mikono ile ile, vikatupwa mwaka ule ule. Kimoja kimetufundisha jinsi Mwezi ulivyo ndani. Kingine ni fumbo. Tofauti kati yao haikuwa pesa wala teknolojia. Mmoja alikaa chini kabla ya safari akaamua mwisho wa chombo, akauandika, akaufuatilia. Kwa mwingine kazi hiyo haikufanywa.

Tunajua utasema: jamani, anga ni kubwa, chuma kimoja kipotee au kisipotee kuna hasara gani? Sikiliza hii.

Septemba 2002, mtazamanyota wa ridhaa kwa jina Bill Yeung aligundua kitu kilichokuwa kikiizunguka Dunia. Hakikuwa kwenye orodha ya setilaiti yoyote. Kwa siku kadhaa watu walisisimka wakidhani Dunia imepata mwezi wa pili mdogo. Kisha darubini zilipochanganua mwanga wake, ikaonekana unalingana na rangi nyeupe yenye titani oksidi, rangi iliyopakwa roketi za Saturn V. "Mwezi" ule, kwa kila dalili, ulikuwa S-IVB ya Apollo 12. Mwaka 1969 ilikusudiwa itupwe kulizunguka Jua, ikakosa kasi, ikazunguka Dunia kwa muda, ikatoroka, na miaka 30 baadaye ikarudi kama mtoto aliyetoroka nyumbani. Mwaka 2003 ikaondoka tena, na huenda ikarejea miongo ijayo. Kwa hivyo unapoambiwa kitu kimetupwa "mbali", uliza mbali ni wapi.

Apollo 13 ndiyo inayotukosesha usingizi zaidi. Kila mtu anaikumbuka kwa ule ujasiri: tangi la oksijeni lililipuka Aprili 1970, wanaanga wakajihifadhi ndani ya chombo cha kutulia, Aquarius, wakarudi hai. Filamu imetengenezwa. Kisichosemwa sana ni kwamba Aquarius ilikuwa na mzigo uliotakiwa kubaki Mwezini milele: kilo 3.8 hivi za plutoni, ya kuendeshea jenereta ya vyombo vya utafiti. Kwa kuwa kutua kulifutwa, plutoni ile ilirudi Duniani pamoja na wanaanga. Aquarius iliungua ilipoingia hewani. Kasha la plutoni lilikuwa limeundwa kustahimili moto, likaelekezwa mahali penye kina kirefu zaidi, na sasa liko chini ya Bahari ya Pasifiki, katika Mfereji wa Tonga, kina cha zaidi ya kilomita 6. Vipimo vya hewa na maji havikuonyesha kuvuja kokote.

Uhandisi wa kasha ulikuwa mzuri, tunaupigia makofi. Lakini tazama jina la mahali. Tonga ni ufalme wa visiwa vidogo ambao mwezi huo wa Aprili ulikuwa bado chini ya ulinzi wa Uingereza, ukapata uhuru wake kamili Juni mwaka huo huo. Safari ya kwenda Mwezini haikuwa yao, jenereta haikuwa yao, bendera haikuwa yao. Kilichokuwa karibu nao ni bahari yenye kina cha kutosha kuzamishia mzigo wa mwenyewe.

Sasa tufike Makueni.

Jumatatu, Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzani wa takriban kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku. Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) lilifika, likaichukua, na kusema kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Lilieleza pia kuwa vipande vya aina hiyo kwa kawaida huundwa viungue vikiingia hewani, au vianguke mahali pasipo watu kama vile baharini. Mukuku si bahari. Ni mahali pa watu, mifugo na mashamba.

Pete ile haikutoka kwa Apollo, tusichanganye mambo. Lakini ni ndugu wa yale mabamba na vile vipande tulivyovihesabu hapo juu, na inaleta swali lile lile: ni ya nani?

Hapa sheria ipo, na ni nzuri kuliko unavyodhani. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema mambo mawili yanayofaa kukaririwa. La kwanza, hakuna nchi inayoweza kuumiliki Mwezi. La pili, kitu kilichorushwa angani hubaki mali ya mwenyewe popote kitakapokuwa, kiwe kinaelea, kimetua Mwezini au kimerudi Duniani. Yaani Marekani haimiliki hata kiganja cha udongo ulio chini ya miguu ya Eagle, lakini ile miguu ni yake. Ni kama mtu aliyeegesha mkokoteni kwenye uwanja wa umma na kwenda zake. Uwanja si wake, lakini mkokoteni usiuguse.

Na wenyewe huidai mali yao kweli. Mwaka 2013 msafara uliofadhiliwa na tajiri Jeff Bezos uliopoa injini za Saturn V kutoka sakafu ya Atlantiki, kina cha zaidi ya mita 4,000. Nambari iliyopatikana kwenye injini moja ilithibitisha ni ya Apollo 11. Baada ya miaka 40 chini ya maji ya chumvi, zikiwa zimepinda na kuliwa na kutu, injini zile bado zilikuwa mali ya NASA. Bezos alilijua hilo tangu mwanzo, na zikaishia makavazini.

Mkataba mwingine, wa 1972, unasema nchi iliyorusha chombo italipa hasara yoyote kitakayosababisha ardhini, hata kama haikufanya uzembe. Si maneno matupu. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti iliyoitwa Kosmos 954, yenye kinu cha nyuklia ndani, ilivunjika na kutawanyika kaskazini mwa Kanada. Mwaka 1981 Wasovieti walikubali kulipa dola milioni 3 za Kanada.

Lakini Kanada ilijua inamdai nani. Ukiwa na shamba Mukuku na chuma cha nusu tani kimekuangukia, unamdai nani? Umiliki wa milele haukusaidii kitu kama mwenyewe hajitokezi. Cha kustaajabisha ni kwamba umiliki huo hudaiwa haraka pale kitu kinapokuwa cha thamani, kama injini ya Apollo 11, na hunyamaziwa pale kinapokuwa bili.

Hata Mwezini hali ni hiyo hiyo. Machi 4, 2022, kipande cha roketi kilijibamiza upande wa Mwezi usioonekana kutoka Duniani. Kwanza watazamanyota walisema ni cha kampuni ya SpaceX. Wakarekebisha: ni cha roketi ya Uchina iliyorushwa 2014. Uchina ikakana, ikasema chake kiliungua zamani. Utafiti uliofuata uliunga mkono kwamba ni cha Uchina. Fikiria, tani nzima za chuma zinaelekea Mwezini, zinaonekana kwa darubini wiki kadhaa kabla, na walimwengu wanabishana ni za nani kama watu waliookota simu kwenye matatu.

Kuna mkataba wa tatu, uliotakiwa kuzuia fujo hii. Ule wa kusajili vyombo vya angani, ulioanza kutumika 1976. Unaitaka kila nchi isajili inachorusha katika Umoja wa Mataifa. Sasa angalia inavyosemwa kuhusu mwisho wa chombo: nchi itaarifu kwamba chombo chake hakipo tena kwenye mzingo wa Dunia "kadiri inavyowezekana". Wewe umewahi kupeleka suti kwa fundi akakuambia itakuwa tayari Ijumaa kadiri inavyowezekana. Unajua maana yake.

Haya yanakuwa ya dharura kwa sababu watu wanarudi Mwezini. Marekani ina mpango wake wa Artemis. Uchina inalenga kuwatua wanaanga wake kufikia 2030. Eagle ilikuwa na kimo cha mita 7 hivi. Chombo ambacho SpaceX inaunda kwa ajili ya Artemis kina takriban mita 50. Wote wanaitazama ncha ya kusini ya Mwezi, ambako kuna mashimo yasiyopata jua kamwe na ndani yake barafu. Ukitupa chombo kikuukuu ovyo katika eneo hilo, mabaki ya mafuta yake yanaweza kuchafua maji yale yale yaliyokufanya ufunge safari.

Wamarekani wenyewe wameamka, ila kwa upande mmoja tu. Mwaka 2011 NASA ilitoa mwongozo kwamba mtu asisogee ndani ya mita 75 ya mahali ilipotua Apollo 11, na mita 225 kwa Apollo 17. Mwaka 2020 ikapitishwa sheria ya kuwabana wanaoshirikiana na NASA waheshimu maeneo hayo. Sababu wanaijua vizuri. Apollo 12 ilitua takriban mita 160 kutoka Surveyor 3, chombo kisicho na watu kilichokuwa pale tangu 1967. Conrad na Bean walikitembelea, wakakata vipande na kurudi navyo. Vilipochunguzwa vikaonekana vimekwaruzwa na vumbi lililorushwa na injini ya chombo chao wenyewe kilipokuwa kikishuka. Mita 160, na bado vumbi lilifika kwa nguvu ya kuchubua.

Tunaunga mkono ulinzi huo. Vyombo vile sita vya chini vilivyosimama Mwezini ni historia ya binadamu wote, na vioo vilivyoachwa na Apollo 11, 14 na 15 bado vinarudisha miale ya leza hadi leo. Ni kwa vioo hivyo tunajua Mwezi unatuhama kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Lakini kulinda vilivyojulikana vilipo ni kazi rahisi. Sheria ya 2020 haikuuliza vipya vitaishia wapi.

Tunachotaka sisi kinaingia kwenye ukurasa mmoja. Kabla roketi ya kupeleka watu Mwezini haijaondoka, mwenyewe atangaze kila kipande kitaishia wapi: hiki baharini, hiki kulizunguka Jua, hiki kigongeshwe Mwezini mahali fulani penye kipimo cha kutunufaisha. Baada ya safari achapishe kilipoishia kweli, na kama amekipoteza aseme amekipoteza. Yale maneno "kadiri inavyowezekana" yaondolewe. Intrepid iliyafanya haya mwaka 1969 kwa kompyuta dhaifu kuliko simu uliyoshika. Hakuna kampuni leo itakayotuambia haiwezi.

Kenya ina nafasi ya kulisema hili. Ni mwanachama wa kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu, inayokutana Vienna. Wala si wageni wa mambo haya. Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya Marekani, na iliungua 1979, lakini jina lilikuwa letu na bahari iliyopokea vipande vya roketi yake ni ile ile tunayovua samaki. Wajumbe wetu Vienna wana pete ya kilo 500 ya kuanzia hotuba. Wachache wana ushahidi mzito hivyo.

Ila tusiende kule na mikono michafu. Aprili 15, 2023, Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yetu ya kuchunguza ardhi na mazao. Ni ndogo, unaweza kuibeba mwenyewe, na ikishuka itaungua. Lakini kwa mujibu wa ule mkataba wa 1967 ni yetu mpaka chembe ya mwisho, na zitakazofuata zitakuwa kubwa zaidi. KSA iwe ya kwanza kuonyesha ukurasa huo unavyojazwa: itashuka lini kwa makadirio, tutaifuatiliaje, na siku ikishuka, ni saa ngapi na juu ya nchi gani. Uwekwe kwenye tovuti, kwa Kiswahili na Kiingereza, mwanafunzi wa Wote au wa Malindi aufungue kwa simu yake bila kuomba ruhusa ya mtu.